Karatasi ya Sia Iliyochanwa

Mheshimiwa Mchungaji Gilbert, ndugu wazee wa kanisa, wazazi wa Sia mliotoka Moshi, wageni waalikwa, na ninyi mliofuata pilau: karibuni wote. Mimi ni Bernadette wa saluni ya pale soko la Warwick. Sia amekaa kwangu, mtaa wa Berea, tangu aanze chuo, na leo amehitimu.

Mnajua alisomea nini? Mliuliza hata siku moja, au mlikimbilia kuhukumu? Alisomea picha za Wajerumani na Waholanzi wa zaidi ya miaka mia tano iliyopita, watu wa kawaida kabisa. Watakatifu wao walichongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, zikachapwa karatasi za bei rahisi. Mama wa nyumbani aliibandika yake ndani ya kifuniko cha sanduku. Akiamka, alimtazama Mtakatifu Kristofa ili siku hiyo asife ghafla. Wengine waliwabusu watakatifu wao mpaka sura zikafutika.

Basi Sia naye akachonga ubao, akachapa Kristofa akimvusha Mtoto Yesu mtoni, akawapa mama zetu wanaouza Warwick. Yangu niliibandika juu ya kioo. Eish! Wazee wakaingia saluni na Biblia kwapani, wakaichana mbele ya wateja. "Mama Bernadette, hii iko sanamu!" Na Sia wakamwondoa kufundisha watoto Jumapili. Binti wa watu alilia jikoni kwangu kama aliyefiwa, akitaka kuacha masomo. Leo hao hao wamekaa meza ya mbele, wanagombea kupiga picha na joho lake. Hongereni, wazee wangu! Aibu mmeiacha nyumbani?

Ninyi mnaochukia picha, hebu tazameni ukuta ule. Kalenda yenye sura ya Mchungaji Gilbert mwenyewe! Kila nyumba iko nayo. Constance huiwekea mkono kichwa kikimuuma, nimemwona kwa macho yangu. Glody, dereva wetu, ameibandika ndani ya teksi yake asipate ajali. Kweli, nyani haoni kundule.

Mchungaji, nakuheshimu, ndiyo maana nakuomba mbele za watu. Inuka, uichane kalenda ile kama ilivyochanwa karatasi ya Sia. Ni karatasi tu, si ndiyo? Ukiichana, sitasema neno tena kanisani maisha yangu yote. Ukishindwa, Jumapili hii Sia anarudi kwa watoto wake, na wewe mwenyewe utamfungulia mlango.

Wageni wangu, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Chakula kiko tayari, lakini hatuli bado. Tunakusubiri, Mchungaji.