Maisha ya Mama Akua Frimpomaa, Sauti ya Konokono Bediako

Mzee wa ukoo, wafiwa, na nyinyi nyote mliovaa nyekundu na nyeusi mchana huu hapa Effiduase, mimi naitwa Yaw Donkor, fundi wa giaboksi kutoka Suame, si ndugu wa damu wa marehemu, ila familia imewaomba wapenzi wa katuni ya Konokono Bediako wasome historia hii, na wenzangu wamenisukuma mbele kwa sababu nina sauti kubwa, ingawa leo sijui imejificha wapi.

Mama Akua Frimpomaa alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, hapahapa Effiduase, mtoto wa tatu wa Bwana Kwame Boateng, mkulima wa kakao, na Bibi Ama Nyarko, akasoma hapa hadi mwaka 1978, kisha mwaka 1980 akaajiriwa kutangaza kwenye kipaza sauti cha soko la Mampong, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafutia mama zao watoto waliopotea, na wenye vibanda wanasema mtoto aliyelia mpaka akakauka koo alinyamaza mara tu alipotangazwa, kwa sababu Mama Akua alimtangaza kwa sauti ya mtoto mwenzake.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa ya kimila na Bwana Kofi Nsiah, seremala, wakajaliwa watoto watatu, Afia, Kwabena na Adwoa.

Mwaka 2004 kituo kimoja cha televisheni cha Kumasi kilimwita ajaribu sauti ya Bediako, konokono mwenye kiherehere anayesafiri kwenda kwa mama yake na hafiki, na tangu siku ya kwanza Mama Akua alilala kifudifudi kwenye sakafu ya studio, kidevu chini, na mwongozaji alipombembeleza, "Mama, si ukae tu kwenye kiti, nani atajua?", alimjibu, "We umeshaona konokono anaongea kutokea juu? Watoto watajua!" Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, na sisi wanaume wazima wa Suame, wenye ndevu na grisi mpaka viwikoni, tuliweka spana chini kila Jumamosi saa kumi, na ole wake mteja aliyepiga honi.

Mwaka 2021 moyo wake ulidhoofika, maji yakajaa mapafuni, madaktari wakamkataza kujilaza, akawa anasinzia ameketi, na kituo kikataka kumtafuta mtu mwingine kwa kipindi cha mwisho, kile ambamo Bediako anafika kwa mama yake. Mama Akua alikataa. Agosti 2023 alishuka sakafuni, akatamka maneno mawili matatu, pumzi ikakatika, Bwana Nsiah akamwinua, akahema, akashuka tena, na kwa kuwa hakuweza kuongea haraka kama zamani, alimwambia mwandishi wa katuni, "Mbebeshe Bediako kiazi kikuu, aongee huku anahema, watoto wacheke." Tulicheka jamani, pale Suame mtu alianguka kutoka kwenye benchi, kumbe ile pumzi ilikuwa yake mwenyewe. Sijui binadamu anapata wapi moyo wa namna ile.

Kipindi hicho kilirushwa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, na Mama Akua akafariki alfajiri ya Jumapili hospitalini Kumasi, akiwa na umri wa miaka 61.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua, na wafanyakazi wenzake wa studio. Tena inamshukuru mtoto mmoja ambaye hatumjui jina, aliyekuja wodini kwa Mama Akua Jumamosi ile kumtazama bibi yake kitanda cha pili, televisheni ikiwa imewashwa, Bediako akiwa mlangoni kwa mama yake, na Mama Akua akashikwa na kikohozi, yule binti akageuka kwa hasira akamwambia, kama anavyomwita bibi yake, "Nana, hebu nyamaza, simsikii Bediako!"

Mama Akua akaziba mdomo kwa shuka, akanyamaza, ili mtoto asikie.

Pumzika, Mama yetu, amani iwe nawe.