Papa Évariste Likunde, Aliyemfikisha Kila Mtu Mlangoni

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kwenye matanga haya ya Kabondo, leo Jumatatu tarehe 20 Januari 2025, familia imempa Séverin, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, pamoja na mambo ambayo Benie, binti mkubwa wa marehemu, ameomba yasomwe bila kufichwa.

Papa Évariste Likunde alizaliwa hapa Kisangani tarehe 14 Machi 1963, akasoma shule ya msingi Kabondo tangu 1969 hadi 1975, akaanza sekondari, lakini baba yao alipofariki mwaka 1977 aliacha masomo ili wadogo zake wasome, na huyu anayewasomea karatasi hii anajua kusoma kwa sababu hiyo.

Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha sabuni Makiso, kilipofungwa mwaka 1997 akanunua baiskeli na kuwa mtu wa toleka, yaani wa kubeba abiria kwa baiskeli, na katika kazi hiyo alikuwa mkaidi wa jambo moja, hakumwacha abiria njiani, alimfikisha mlangoni kwake, iwe tope, iwe mvua, hata wenzake wakimcheka kwamba anamaliza matairi bure.

Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa na Mama Anne Bolumbu, wakajaliwa watoto wawili, Benie mwaka 1990 na Désiré mwaka 1994. Tarehe 7 Juni 2000, katika ile vita ya siku sita ya majeshi ya kigeni hapa mjini, bomu lilianguka jikoni na kumuua Mama Anne, na kwa kuwa hakukuwa na gari wala mtu wa kusaidia, marehemu alimfunga mke wake katika kitenge, akamlaza juu ya baiskeli na kuisukuma hadi makaburini, Benie wa miaka kumi akifuata nyuma ameshika pindo la kitenge. Hakuoa tena.

Septemba 2002 Benie aliingia sekondari ya wasichana Makiso, na kila asubuhi baba yake alimpeleka kwa baiskeli ileile, mpaka siku moja Benie, akiona wenzake wanashuka kwenye magari, alimwambia, “Papa, unishushe hapa ku kona, nitamalizia na miguu.” Marehemu alijibu, “Bon, sawa, mama,” na tangu siku hiyo alisimama kwenye kona, hakuuliza sababu, hata siku ya diploma, Julai 2008, alivaa shati safi akamsubiri palepale, juani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Benie aliujua alipokuwa na mtoto wake wa kumpeleka shule, wakati huo yeye mwenyewe akiwa mwalimu katika shule ileile, na kila alipopita kwenye kona ile aliona aibu, safari hii aibu ya kweli, akajiahidi kuomba msamaha.

Juni 2024 ugonjwa wa sukari ulimletea marehemu kidonda cha mguu, tarehe 9 Oktoba mguu wa kulia ukakatwa, na tarehe 3 Desemba Benie alimpakia kwenye pikipiki akiwa amemshika kwa nyuma, ampeleke kuona darasa lake. Walipokaribia, mzee alimgusa dereva begani, “Simama hapa ku kona, mutoto atamalizia na miguu.” Benie alilia, na badala ya kuomba msamaha akamwambia dereva ageuze, akasema watarudi Januari shule ikifunguliwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Homa ilimrudisha marehemu hospitali, na Jumamosi tarehe 18 Januari, saa nane mchana, alikata roho, msamaha ukiwa haujaombwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kulala nasi chini, walimu wenzake Benie, na watu wa toleka ambao leo wamekataa gari na watalisukuma jeneza juu ya baiskeli zao.

Kwa ombi la Benie, kabla ya kwenda makaburini tutapita Makiso, hatutasimama kwenye kona, tutakwenda mpaka langoni mwa shule, na Benie ndiye atakayelifungua lango kwa mikono yake na kusema mbele ya wanafunzi wake kwamba huyu ni baba yake.

Kaka Évariste, leo ni zamu yako kufikishwa mlangoni. Pumzika kwa amani.