Ujumbe wa "Sikurudi": Maisha ya Mwalimu Venant Bagenda, 1951–2025

Mwalimu Venant Bagenda alizaliwa Kamachumu, Muleba, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa Mzee Josephat na Mama Selina.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu, sekondari Bukoba, kisha ualimu Butimba. Alifundisha Kiswahili Nansio, na mwaka 1986 akahamia Butimba kufundisha walimu hadi alipostaafu 2011. Alipenda maneno kwa maana zake za zamani. Kwake, shati lililonywea baada ya kufuliwa lilikuwa limerudi, na mzazi aliyemkanya mtoto alikuwa amemrudi. Wanachuo walimwita Mwalimu Nitakurudi, naye aliitika.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na Kemilembe. Walijaliwa Prudencia na Osward.

Mwaka 2019 Osward aliacha ualimu akaenda Nansio kutengeneza injini za mitumbwi. Baba yake alimrudi mbele ya wageni. Kijana aliondoka, na kwa miaka mitano hakukanyaga nyumbani. Mwalimu hakumtaja, ila upepo ukivuma alimuuliza Prudencia kama meli ya Nansio imefika salama.

Agosti 2024 figo zilimlaza hospitali. Aliporuhusiwa, hofu yake ilikuwa moja: kufa hajapatana na Osward. Alimwandikia mwanawe kwenye simu: "Njoo nyumbani. Sikurudi." Alimaanisha kwamba hatamkanya tena. Osward, aliyekuwa ameambiwa na dada yake kwamba mzee amelazwa, akaelewa kwamba baba hakurudi kutoka hospitali. Alipanda meli ya kwanza, akamtafuta wodi hadi wodi, mwishowe akampigia dada yake. Prudencia akamjibu kwamba mzee yupo sebuleni, anakula ndizi.

"Shikamoo baba," alisema alipoingia, jasho likimtoka. "Si umeandika hukurudi?"

"Marahaba. Nimeandika wewe sikurudi."

Mama Kemilembe alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe Kiswahili kibovu ndicho cha kutuletea mtoto?"

"Si kibovu," alisema Mwalimu. "Ni cha zamani." Kisha akamsogezea Osward sahani, akamuuliza habari za injini.

Alifariki nyumbani Butimba, alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Osward. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Hakuacha ugomvi na mtu. Alilala na amani yake. Mwenyezi Mungu amtunzie amani hiyo.