Eunike Kaaya Ajipangia Zamu ya Mwisho ya Maji

Mpango wa kugawana maji ya kiangazi kati ya mashamba ya Nkoaranga na vijiji vya tambarare ulipitishwa wiki iliyopita, amesema mwenyekiti wa kamati ya mfereji, Mzee Sadoki Nnko. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya Eunike Kaaya, mratibu wetu wa mipango ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, anayestaafu tarehe 30 Juni 2026 baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi.

Alianza akiwa bibi shamba Olmotonyi. Vuli zilipoanza kuchelewa na visima vya tambarare kukauka, alihamishiwa mjini kutathmini vijiji vilivyo hatarini zaidi.

Tathmini ya kwanza ilianza vibaya. Eunike aliwaalika wakulima sitini kwenye ukumbi mmoja Moshono. Pilau ikapikwa, projekta ikawashwa, hakuja mtu. Ilikuwa siku ya kusafisha mfereji, na huko mlimani asiyefika na jembe hupigwa faini. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Nkoaranga, na alisahau. Ofisi ilikula pilau siku mbili.

Tangu hapo mikutano yake hufanyika mferejini, watu wakishamaliza kuchimba tope. Ndiyo maana mtumishi mpya wa idara yetu hukabidhiwa kompyuta, gambuti na jembe. Brian wa takwimu, aliyeripoti kazini na raba nyeupe, anaweza kueleza zaidi.

Mpango wa sasa nusura ukwame. Unataka mashamba yaliyo karibu na chanzo, ambayo udongo wake hukaa na unyevu, yasubiri hadi wa chini wamwagilie. Watu wa juu walinuna. Wa chini hawakuamini kama wa juu wangesubiri kweli. Loishiye, mwakilishi wa tambarare, akasimama mkutanoni.

“Na shamba lako wewe mama, liko zamu ya ngapi?”

Shamba la Eunike, ambalo ndilo analorudia akistaafu, ni la pili kutoka kwenye chanzo.

“Ya mwisho,” akajibu. “Nimelipanga mwenyewe.”

Mzee Sadoki, ambaye ni shemeji yake, hakuiacha nafasi hiyo. “Shemeji, hiyo migomba yako sasa itabidi ijifunze kufunga na kuomba!”

Watu wakacheka, wa juu wakiongoza. Kura zilipopigwa, waliokataa walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuulizia zamu yake.

Tunamshukuru Eunike kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuchafua miguu. Tunamtakia afya njema, kahawa yenye bei na mvua zinazofika kwa wakati.

Maji yatafunguliwa Jumamosi, tarehe 4 Julai, kuelekea tambarare. Zamu ya Eunike ni Ijumaa, tarehe 17. Idara nzima itakuwepo na majembe. Pilau atapika yeye.