Nundu Chini ya Dalle

Mheshimiwa Bourgmestre, wewe uliyefika mapema hata tukakukuta unapanga viti, Monsieur l'abbé, wewe unayenijua kwa sauti kuliko kwa sura, maana kanisani nakaa karibu na mulango, Monsieur Nathanaël, Préfet wa masomo hii, mukubwa wa shule yetu, walimu wote, wazazi wa avenue ya juu na wazazi wa avenue ya chini (nawataja kwa kufuata kilima, si kwa kufuata heshima, musianze!), wanafunzi, na wewe Madame Emérence, professeur wa hesabu, tunayekuaga leo baada ya miaka makumi tatu na mbili ya kumeza vumbi ya chaki: jambo kwenu nyote.

Préfet amenipa dakika tatu. Aliniambia, “Papa Zagabe, shukuru kwa jina la wazazi, kisha ukae.” Nimemuitikia. Lakini mimi nilifika sixième primaire, darasa la sita, na ile sixième ilinikataa mara mbili, kwa hiyo dakika tatu sijui kuzihesabu vizuri.

Tena niko na neno langu mwenyewe. Maman Eulalie, yule pale wa kitenge ya manjano, anayewapikia batoto mandazi, nyumba yake iko chini ya ukuta wa masomo. Kuna jambo nimemuficha miaka tatu na zaidi. Madame Emérence analijua. Wanafunzi makumi tatu na munane wanalijua. Wiki ijayo Madame anahamia Kalehe, na mimi sipendi aende na siri yangu ndani ya valise yake. Maman Adélaïde, wewe uliyekaa pembeni ya Maman Eulalie, tafazali mushike mukono. Ule wa kuume, ndio wenye nguvu.

Munakumbuka mufereji wa maji, unaotoka kwenye ukuta wa classe mpaka barabarani? Tuliujenga kwa salongo, kazi ya wote bila malipo, na salongo yetu munaijua: avenue ya juu wanaanzia juu, avenue ya chini wanaanzia chini, wanakutana katikati, na wa mwisho kufika ndio wanachekwa mpaka Noeli. Mimi nilikuwa fundi wa pande zote mbili. Kila upande ulinivuta sikio: “Papa Zagabe, yetu iteremuke kali, maji yetu ikimbie kupita yao!” Mimi nani wa kukataa? Nilipima kwa jicho. Jicho hili, waheshimiwa, limesimamisha nyumba nyingi hapa Bagira, na nyingine zingali zimesimama.

Siku ya kukutana, watu waliimba, wakakumbatiana, wakaenda kunywa. Mimi nikabaki peke yangu kufunga kiungo. Nikainama. Nikasimama. Nikainama tena. Mufereji wa juu ulikuwa umefika chini, na mufereji wa chini ulikuwa umefika juu! Katikati kulikuwa na kidaraja kama cha ngazi, kimo kama cha goti ya mutoto. Je, mungefanya nini? Kuwaita watu wazima waliolewa kwa furaha, muwaambie wabomoe? Mimi nilimwaga simenti, nikafanya nundu ya kupandia, laini kabisa, kisha nikafunika na dalle, kifuniko cha simenti. Nilitaka maji ipande mulima yenyewe, kama Mukristu mwema.

Maji haikuokoka. Ilifika kwenye nundu, ikakataa, ikaruka pembeni, ikaingia ndani ya jikoni ya Maman Eulalie.

Misimu miwili ya mvua! Unga ilielea, makaa ililowa, na batoto walikaa récréation, saa ya mapumziko, bila mandazi. Wakaniita. Nikasema ni masachet, mifuko ya plastiki, iliyoziba. Wakazitosha, wakazitupa. Nikasema ni mabati ya Préfet inamwaga maji mingi. Akaweka pipa. Mwisho nikasema udongo ulitembea, na Bukavu yetu nzima, muji wa maporomoko, nani atabisha udongo ukitembea? Maman Eulalie aliniamini. Alifunga matandiko yake na kamba, akaniambia, “Papa Zagabe, wewe umejaribu. Mvua ikiingia tena nitaenda Sange kwa kaka yangu. Mungu akubariki.” Akanipa mandazi ine. Nilizikula, ndiyo. Lakini zilipita vibaya.

Sasa ndani ya classe ya troisième, Madame Emérence alikuwa ameandika kwenye tableau: y = ax + b. Batoto walikuwa wanakopia na macho nusu. Yule Gentil, mutoto asiyejua kufunga kinywa, akauliza, “Madame, hii kitu itatusaidia na nini?”

Madame hakukasirika. Alichukua tuyau ya plastiki yenye maji ndani, ile ya kupimia usawa, kamba na mètre, akawatosha wote inje.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya brouette yangu ya kusukumia simenti. Nikawacheka: “Ee batoto, munapima nyoka?”

Chancelle, ile ndogo ya sauti kama filimbi, akanijibu bila kugeuka: “Hapana papa. Tunapima kazi yenu.”

Nikashuka kwenye brouette.

Walipima kila mètre mbili: hapa mufereji uko kimo gani kutoka barabarani? Ukutani, centimètre mia moja makumi mbili. Hii, Madame akasema, ndiyo b: pale unaanzia kabla hujatembea. Kisha kila mètre unashuka ngapi? Hii ndiyo a, ndiyo pente, muteremko, na kwa sababu tunashuka inavaa alama ya kutosha, ile ya kupunguza. Walipofika kwenye dalle, Gentil akataka kuinua. Nikaruka kama kijana: “Acha! Dalle hii haiinuliwi!”

“Juu ya nini, papa? Sababu gani?”

“Juu ya… simenti haijakauka.”

“Ya mwaka jana?”

Madame akaniangalia. Wale aliowafundisha munalijua lile jicho. Akasema tu, “Sawa. Turuke dalle, tuendelee chini.” Nikafikiri nimepona.

Wakarudi ndani. Mimi nikasimama dirishani, eti naangalia kioo kama iko imara. Wakatia pointi zao kwenye tableau, moja moja. Chancelle akachukua rula, akavuta mustari wa juu, akavuta mustari wa chini, kila mustari mpaka chini ya dalle, fasi hakuna mutu aliona. Akasoma namba mara mbili. Kisha akasema:

“Madame, kwenye mètre kumi na mbili, mustari huu unasema makumi ine na munane. Ule mwingine unasema makumi saba na mbili.”

“Ndiyo.”

“Lakini ni fasi moja! x moja, y mbili? Ulisema kila x iko na y moja tu. Basi hii si fonction!”

“Ni nini basi?”

Gentil akapiga meza: “Ni Papa Zagabe!”

Waheshimiwa, classe nzima iligeuka dirishani. Macho makumi saba na sita! Watoto hawakuinua dalle, hawakuchimba hata na kijiko, na waliona nundu yangu na centimètre zake zote makumi mbili na ine. Na rula! Mimi miaka makumi ine nilifikiri rula ni ya kuchapia vidole.

Madame alikuja mpaka dirishani. Nilingojea matusi. Akaninyooshea chaki. “Papa Zagabe, ingia utusaidie. Tufanye nini hapa?” Nikaingia, mikono na simenti, nikachora nundu yangu mwenyewe mbele ya batoto. Hakuna aliyecheka. Gentil alijaribu, Madame akamupa lile jicho.

Pente ya kweli ilikuwa centimètre tano kila mètre, toka juu mpaka barabarani. Sisi tulitia sita huku na sita kule, kwa majivuno. Jumamosi tukabomoa: nundu niliivunja mwenyewe kabla watu hawajafika, nao wakabaki wanaamini udongo ulitembea. Avenue ya juu wakalia, avenue ya chini wakalia zaidi, lakini Madame alifunga kamba moja tu kutoka ukutani mpaka barabarani, akamuweka Chancelle ahesabu: “Mètre moja, tano! Mètre mbili, kumi!” Tulipokutana katikati, tofauti ilikuwa unene wa kidole. Nilipima mara tatu, sikuamini.

Jumanne mvua ikashuka, ile ya kukata maneno. Madame alikimbia pembeni ya mufereji na mwavuli umegeuka, batoto nyuma yake, wanapiga kelele kama wako stade. Maman Eulalie alikuwa mulangoni na beseni mukononi, tayari kutosha maji. Maji ilifika pale katikati, nikafumba macho. Ikapita! Maman Eulalie akaangalia beseni, akaangalia anga, akasema, “Sasa hii nitaifanyia nini?” Akaingia ndani, akakandia humo unga.

Siku ile Madame aliwaambia batoto: “Kazi ya fundi, fundi ndiye ataisema.” Miaka tatu hawakusema. Na yeye hakunisukuma hata siku moja. Tukikutana njiani ananisalimia tu, “Papa Zagabe, habari ya mètre kumi na mbili?” Kisha anapita, anacheka.

Madame Emérence, tunakushukuru kwa batoto wetu wote, wale walioshika hesabu na wale hesabu iliwashika. Mimi ulinifundisha bila kuniandikisha, na bulletin yangu, karatasi ya pointi, naileta leo, mbele ya Bourgmestre. Maman Eulalie, udongo haukutembea. Ni mimi. Unisamehe.

Anasema nini? Maman Adélaïde, usimuachilie bado! Semeni kwa nguvu, masikio yangu ni ya zamani.

Anasema nije kesho saa kumi na moja ya alfajiri, nimuchotee maji ya unga, mwezi muzima.

Monsieur l'abbé, umesikia: malipizi ya zambi yangu imetolewa, na haikupita kwako. Nimekubali. Wazazi wengine, musicheke, mumenivumilia vizuri mpaka hapa, na kwa masikio yenu yote nasema asanteni sana. Naenda kulala mapema.