Baraza ya Mbele ya Marcella Kopecky

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi, Russell, mwanawe wa kwanza, nisome maisha ya mama yetu, Marcella Kopecky Ostrander, nami naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepanga kisomwe nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika shamba la mahindi maili nne kaskazini mwa mji huu wa Brandt Prairie, Iowa, mtoto wa tatu wa Emil Kopecky, seremala wa maghala, na mkewe Rose, na baba yake alimshikisha patasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alisoma sekondari ya hapa mjini kuanzia 1955 hadi 1959, akaomba darasa la useremala, akaambiwa wasichana wanashona, basi akashona aproni moja mbovu makusudi, na ufundi akaendelea kuupata ghalani kwa baba yake.

Tarehe 1 Juni 1959 aliajiriwa ukarani katika duka la mbao, akakaa miaka thelathini na minane, akiandika oda za wanaume waliomuuliza mbao ikatwe vipi, kisha wakaenda kujisifu kwamba wamebuni wenyewe. Tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa na Leland Ostrander, mpeleka barua, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Twyla, na mwaka 1968 tukahamia nyumba yenye mnara, Mtaa wa Tatu, ambayo hadi leo mnaiita nyumba ya Whitlock, kwa sababu mwenye benki Whitlock aliijenga mwaka 1884 akaishi humo miaka sita, ilhali mama ameishi humo hamsini na mitano.

Tarehe 17 Julai 1974 kimbunga kiling'oa baraza yote ya mbele, na mama, akiwa na picha moja ya zamani na msumeno wa baba yake, alichonga upya kwa majira mawili ya baridi vishikizo kumi na vinne vya kubeba paa, kila kimoja na ua la alizeti, pamoja na nguzo ndogo sitini na mbili za ukingo. Wazee mliopo hapa mlimwona.

Mwaka 1996 alikuja mtaalamu wa nyumba za kale, akagonga nguzo kwa kidole, akaandika kwamba baraza ni ya 1884, kazi ya bingwa wa kutoka Chicago, na mama alikuwa amesimama pale na sahani ya maandazi ya kolache, majirani wakiwapo, asiseme neno hata mmoja wetu, maana watu wa hapa hatumsahihishi mgeni. Kesho yake alikwenda kwenye Kamati ya Nyumba za Kale kueleza ukweli, akajibiwa kwamba baraza ikiwa ya juzi nyumba itatoka kwenye orodha ya nyumba zinazolindwa zisibomolewe, na kampuni ya petroli inayoitamani kona ile italeta matingatinga.

"Basi mwandikeni huyo wa Chicago," alisema, akarudi nyumbani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini mama yetu kila Juni aliwamiminia wageni waliokuja kutazama nyumba za kale maji ya limau barazani pake huku akisikiliza bingwa asiyekuwapo akisifiwa. Mwaka 2018 kishikizo kimoja kilioza, akaomba ruhusa achonge kingine, na mwenyekiti wa kamati, Bwana Gerald Pruitt, akamwambia mbele ya kikao, "Marcella, ile ni kazi ya fundi, siyo ya kujaribia mkono." Siku ile nilimwona mama analia kwa hasira, na mimi hasira hiyo ninayo hadi sasa, hapa niliposimama.

Mwaka 2019 alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka, akatibiwa hospitalini na nyumbani, hadi Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, alipoaga dunia. Mwezi mmoja kabla alituambia, "Isomeni habari hii siku ya mazishi. Watakuwa wamekaa, na adabu haitawaruhusu kutoka."

Jana tulikifungua kishikizo kile kilichooza, na mgongoni kimeandikwa kwa penseli, M. Kopecky, Januari 1976. Tunajua tunachokihatarisha, kampuni ya petroli bado inasubiri, na kamati inakutana Jumanne. Mkiifuta nyumba ile orodhani kwa kuwa baraza yake ilichongwa na karani wa duka la mbao, ifuteni mkijua mnafuta nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomwondolea theluji ngazini, na wenzake wa duka la mbao. Kamati hatuishukuru, ila wajumbe wake wanakaribishwa chakula katika chumba cha chini ya jengo hili, ambako kishikizo kimelazwa kifudifudi mezani karibu na kahawa, na Bwana Pruitt anaombwa apite wa kwanza, akisome kwa sauti.

Lala salama, mama. Lala salama, fundi.