Jina Nililompa Binti wa Bwejuu

Haya, nimesimama. Wiki iliyopita nilijidai jino linaniuma nisizungumze hapa barazani, leo mmenikatalia. Waislamu na Wakristo nawasalimu nyote; mama zangu, shikamooni.

Mnanijua kama mkurugenzi wa michezo wa chuo. Zamani nilikuwa kocha wa netiboli, na mdomo wangu mnaufahamu. Nilikuwa na uchu wa kombe, jamani. Miaka minne tunafika fainali, miaka minne wenzetu wa bara wanatufunga. Mwaka wa tano mfungaji wangu akateguka mguu siku mbili kabla ya fainali.

Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, nikatafuta mamluki. Nilimchukua binti wa Bwejuu, fundi kweli wa kufunga, ila hakuwa mwanafunzi wetu. Nikampa kitambulisho cha yule mfungaji aliyeteguka. Picha imefifia, na akivaa mtandio nani atajua? Nikamkaririsha jina: ukiitwa hili, itika, hata iweje.

Robo ya tatu ya fainali, tunaongoza, binti akashika kifua na kuanguka. Tukambeba hadi hospitali. Muuguzi akapokea kitambulisho, akatafuta faili la jina lile, akaniuliza kama ana ugonjwa wowote, maana faili halionyeshi kitu. Nikasema sijui. Alivyoona binti anashika kifua, akaandaa sindano ya maumivu. Nyuma yangu wamesimama mwamuzi na mkuu wa chuo. Nikifungua mdomo, kombe limekwenda na kazi imekwenda. Nikanyamaza. Hapo msinihurumie. Mtoto wa mwenzangu anahangaika na pumzi, mimi nawaza kombe.

Muuguzi akainama, akamwita kwa lile jina la uongo. Na yule binti, midomo imeshabadilika rangi, akainua mkono kuitika.

Nikasema, "Dada, huyo siye. Jina hilo nimempa mimi."

Nikampigia mama yake kule Bwejuu. Simu haishiki. Nikapiga tena, haishiki. Mara ya tatu akapokea, akasema binti ana pumu tangu mdogo, na sindano za maumivu hazipatani naye kabisa. Muuguzi akaiweka chini ile sindano, akamvalisha kifaa cha hewa. Alipona, alhamdulillahi.

Timu ikafutwa, mimi nikafukuzwa. Mama yake alikuja, akaniambia leo hawezi kunisamehe, nimpe muda. Nikajifungia ndani kwa aibu, hata sokoni siendi. Waliokuja kunitoa ni ninyi. Mmoja wenu, huyo anayecheka hapo nyuma, alisukuma mlango akaniambia watoto wa Kirongwe hawana wa kuwafundisha netiboli, nivae viatu. Nikavaa. Misimu mitatu nikafundisha pale karibu na mikorosho, bila cheo. Ahsanteni sana. Yule mama naye alinisamehe, kwa muda wake.

Chuo waliponirudisha, na baadaye kunipa ukurugenzi, niliweka utaratibu mmoja: kabla ya mechi kila mchezaji anakuja mbele yangu kutaja jina lake mwenyewe. Ninachowaomba ni hiki tu: mtoto anayekutii, muogope. Atakutii hata pale anapokufa.

Mwaka huu yule binti kaingia chuo kwa haki yake. Mechi ya kwanza alifika mbele yangu, kimkoba cha dawa kiunoni. Nikamuuliza jina. Akanitazama weee, halafu akalitaja, lake, uwanja mzima ukasikia. Nikatia filimbi mdomoni niwaruhusu waingie uwanjani, nikashindwa kuipuliza.